Iulize Printa Kwanza, Ndipo Utafute Draiva

Swali limekuja tena, karibu kwa maneno yale yale: printa ni mpya, tovuti ya mtengenezaji haina draiva (programu ya kuiunganisha printa na kompyuta) ya Linux, je, irudishwe dukani? Jibu ni hapana. Naliandika hapa kwa kirefu ili nitakapoulizwa tena nitume kiungo tu na kuendelea na kazi zangu.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba printa ni bubu mpaka mtengenezaji wake aiandikie programu ya kuisemea. Kwenye Linux, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haijui lolote kuhusu wino, tona wala ukubwa wa karatasi. Moduli ya usblp hupitisha baiti kwenye waya, basi. Kazi yote ya kuchapisha imo mikononi mwa CUPS, mfumo ambao Michael Sweet alianza kuuandika mwaka 1997, Apple ikaununua mwaka 2007, na ambao sasa unaendelezwa na mradi wa OpenPrinting. Ndani ya CUPS, kile ambacho watu hukiita draiva ni vitu viwili: faili la PPD linaloeleza trei, karatasi na uwezo wa printa, na kichujio, yaani programu ndogo inayogeuza ukurasa kuwa lugha ambayo printa hiyo inaielewa. Printa ikiwa inaielewa lugha ya wote, na yenyewe inaweza kujieleza, vitu hivyo viwili vinakosa kazi.

Printa nyingi za miaka ya karibuni ziko hivyo. Mwaka 2010 Apple ilileta AirPrint ili simu ichapishe bila kusakinishiwa draiva, na kila mtengenezaji aliyetaka kuwauzia wenye simu hizo akalazimika kutengeneza printa inayojitangaza yenyewe kwenye mtandao, inayozungumza IPP, yaani itifaki ya kuchapisha kupitia mtandao, na inayopokea ukurasa katika miundo inayojulikana. Mwaka 2013 Printer Working Group, kundi linaloweka viwango vya printa, ilitoa IPP Everywhere, kiwango kinachofuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni rahisi: kama iPhone inachapisha kwenye printa hiyo, kompyuta ya Linux nayo karibu kila mara itachapisha. Nimetaja iPhone kwa makusudi, kwa sababu simu nyingine huenda inatumia programu ya mtengenezaji mwenyewe, na hapo kipimo hakikuthibitishii kitu.

Amri ya ippfind inakuonyesha printa zinazojitangaza, na lpinfo -v inakuonyesha njia zote ambazo CUPS inaziona. Ukishapata anwani, unaunda foleni, yaani jina ambalo kompyuta italitumia kutuma kazi kwenye printa hiyo (hapa “ofisini”), kwa lpadmin -p ofisini -E -v ipp://anwani/ipp/print -m everywhere, na kazi imekwisha. Printa iwe imewashwa wakati huo, kwa sababu CUPS inaiuliza uwezo wake papo hapo. Herufi -E iache pale pale ilipo, baada ya -p, ambako maana yake ni kuiwasha foleni na kuiruhusu ipokee kazi; ukiitanguliza kabla ya -p, inamaanisha kulazimisha usimbaji wa mawasiliano, na foleni yako itabaki imelala huku ukiapa kwamba umefuata maelekezo. Aliyeamua kuipa herufi moja maana mbili kulingana na mahali ilipokaa, sijui alikuwa na ugomvi gani nasi. Ikiwa ippfind haioni kitu, angalia kwanza kama faiawoli inazuia poti ya UDP 5353, ambayo matangazo hayo hupitia, au kama printa iko kwenye Wi-Fi ya wageni.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kuliko yote. Mtu haridhiki na foleni inayofanya kazi. Anahisi kwamba bila kifurushi cha mtengenezaji amekosa kitu, kwa hiyo anapakua faili la .deb lililoachwa bila kuguswa kwa miaka, analisakinisha kwa sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi), na kuanzia hapo kila ukurasa unaishia kwenye ujumbe wa “Filter failed”. Anafungua kumbukumbu za CUPS na kusoma kwamba kichujio hakipo, anakwenda kwenye folda na kukikuta kipo, na hapo ndipo anapotangaza kwamba Linux ni ya ajabu. Faili lipo kweli. Kisichokuwepo ni kipakizi cha biti 32 ambacho programu hiyo inakihitaji ili ianze, maana kuna watengenezaji ambao bado hutoa vichujio vya biti 32, na kerneli inapokikosa kipakizi hicho hurudisha kosa lile lile la faili kutoonekana. Amri ya file itakuambia ukweli huo kwa mstari mmoja. Kama kompyuta yako ina prosesa ya ARM, usijisumbue kabisa: kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya x86, yaani prosesa za aina ya Intel na AMD, hakitaendeshwa hapo bila programu ya kuiga prosesa hiyo.

Kwenye USB kuna mtego mwingine. Distro nyingi za sasa, yaani matoleo ya Linux kama Ubuntu au Fedora, huja na ipp-usb, huduma inayoishika printa ya USB na kuifanya ionekane kama printa ya mtandao kwenye kompyuta yako yenyewe, kwa kawaida kuanzia poti 60000. Huduma hiyo ikishaishika printa, draiva ya zamani inayoitafuta kupitia usb:// inakuta mlango umefungwa. Chagua njia moja. Ukitaka zote mbili utapata foleni mbili zenye majina yanayokaribiana, na ile mbovu ndiyo utakayoibonyeza.

Zipo printa zinazohitaji draiva kweli, hasa za leza za bei ndogo zilizotangulia zama hizi, ambazo huiachia kompyuta kazi yote ya kuupanga ukurasa. Kwa hizo kuna draiva kama foo2zjs, brlaser, HPLIP na Gutenprint, na zote zitafute kwenye hazina ya distro yako kabla ya kwenda kwingine. Baadhi ya printa za HP zinahitaji pia nyongeza isiyo huria inayoletwa na hp-plugin, na hilo halina njia ya mkato.

Wala sidai kwamba njia ya bila draiva haina dosari. Kuna printa zinazotangaza uwezo zisiokuwa nao, kisha zinatoa karatasi nyeupe, na hapo narudi kwenye draiva bila aibu. Kwa picha kwenye printa kongwe za wino, bado naiamini Gutenprint zaidi. Tena CUPS 3 imepangwa kuachana na PPD kabisa na kuziachia kazi hiyo programu za printa zinazojitegemea; kiufundi naukubali mpango huo, ila nina shaka kama mwenye printa ya zamani asiyependa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ataupokea kwa furaha.

Kama umekwisha kusakinisha kifurushi cha mtengenezaji na mambo yameharibika, kiondoe, futa foleni zote za printa hiyo kwa lpadmin -x, anzisha upya CUPS, kisha unda foleni moja ya everywhere. Ikigoma, washa cupsctl --debug-logging, chapisha ukurasa mmoja tu, na uniletee yaliyoandikwa kwenye /var/log/cups/error_log. Picha ya skrini yenye neno “imeshindikana” usiniletee.