Pushi na huki: ugonjwa mmoja wenye sura mbili

Mi nafundisha gofu, na wanaokuja kwangu reinji, pale uwanja wa mazoezi, na shida ya huki na pushi karibu wote wanaongea lugha moja, "kocha mi nina matatizo mawili, mara mpira unaenda kulia moja kwa moja na haurudi, mara unaanza kulia kidogo afu unakata kushoto unapotelea huko, na nikirekebisha hili lile linazidi." Jibu langu huwa lile lile, huna matatizo mawili ndugu yangu, unalo moja, na ukilitibu kama mawili utazunguka mwaka mzima hujafika popote. (Naongelea anayepiga kwa kulia, kama unapiga kwa kushoto geuza pande zote.)

Tuanze na mpira wenyewe maana hapa ndo wengi wanapopotea. Bado kuna watu wanaamini mpira unaanzia kule swingi, yani ule mzunguko wa kupiga, inakoelekea halafu uso wa fimbo ndo unaupinda. Rada za kina TrackMan, zile mashine za kupima fimbo na mpira, zilipoanza kutumika zikaweka wazi kwamba mpira unaanza karibu na pale uso wa fimbo unapoangalia wakati wa kugonga, kwa aironi (zile fimbo za kichwa cha chuma chembamba) kama robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia inatoka kwenye uso, kwa draiva (ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) hata zaidi, na kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ambayo fimbo inapita. Sasa chukua mtu ambaye fimbo yake inapita digrii 8 kulia kwa shabaha. Uso nao ukiangalia digrii 8 kulia, mpira unanyooka kulia, hiyo ni pushi. Uso ukiangalia digrii 2 tu kulia, mpira unaanza kulia kidogo afu unapinda kushoto kwa nguvu, hiyo ni huki. Njia ni ile ile, kilichobadilika ni uso peke yake. Na fimbo inagusana na mpira kwa kama nusu ya milisekunde, yani sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, hakuna mtu wa kuzipanga hizo digrii 6 kwa viganja kila shoti, siku viganja vikiwahi ni huki, vikichelewa ni pushi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini fimbo inapita kulia kiasi hicho, na kwa wengi ninaowaona sababu kubwa iko kiunoni. Fimbo ikianza kushuka, nyonga zinasogea mbele kuelekea mpira badala ya kuzunguka, makalio yanaacha pale yalipokuwa, mgongo unanyanyuka, na mikono inakosa nafasi ya kupita. Mikono ikikosa nafasi inabaki nyuma ya mwili, fimbo inalala chini inakuja kutokea ndani sana, yani upande wa mwili wako, njia pekee iliyobaki ni kwenda nje kulia, na hapo mwili ushasimama kuzunguka kwa hiyo viganja lazima vipindue ili kuokoa mpira.

Kuna mzee mmoja, mstaafu, mtu wa nidhamu sana, anapiga draiva yake pushi tatu mfululizo na kedi wake, mbeba fimbo, anamwambia "mzee pindua mikono, pindua mikono." Akapindua, ikatoka huki ya ajabu. Nikamwomba achukue aironi 7 apige mipira michache afu tuangalie kule chini, na ile mikwaruzo kwenye majani ilikuwa inaangalia kulia kwa shabaha yote, ya mpira ulioenda kulia na ya mpira uliokata kushoto. Nikamlazia fimbo kwenye vidole vya miguu tuone amesimama vipi. Miguu ilikuwa imelenga kulia, mabega kulia zaidi, na mpira aliuweka nyuma karibu na mguu wa kulia. Hakuwa anasimama hivyo zamani. Huki ilivyokuwa inamsumbua alianza kulenga kulia ili mpira urudi katikati, na kila alivyolenga kulia njia ya fimbo ikazidi kwenda kulia na huki ikakua. Hii ni tabia mbaya kuliko zote kwenye tatizo hili na inaniuma nikiiona maana mtu anafanya bidii ya kweli kujiharibia. Hapo hakuna aliyegusa swingi yake bado, tukanyoosha miguu na mabega, tukasogeza mpira mbele kidogo, na nusu ya ile huki ikaondoka palepale. Mpira ukikaa nyuma sana unagongwa fimbo ikiwa bado inaelekea nje, haijafika pale inapoanza kurudi ndani, ndo maana.

Baada ya hapo ndo mwili. Zoezi ninalolipenda ni la ukuta au kiti, unasimama makalio yakigusa kidogo, unapandisha fimbo bila mpira kalio la kulia likibaki limegusa, unaishusha kalio la kushoto linachukua nafasi na linabaki pale hadi fimbo ipite. Polepole kabisa, na usiongeze mpira mpaka ulifanye bila kufikiria. Vidole vya mguu wa kushoto vifungue kuelekea shabaha kama digrii 20 au 30, hasa kama umri umesogea au nyonga ni ngumu, inasaidia sana na watu wanadharau. Kingine, chukua kofia ya draiva, kile kifuniko cha kichwa chake, iweke nyuma ya mpira kama sentimita 30 hivi, upande wako, ndani kidogo ya mstari wa shabaha. Fimbo ikitokea ndani kupita kiasi itaigonga na wewe mwenyewe utajua bila kuambiwa na mtu.

Halafu piga nusu swingi, mikono ikifika usawa wa kiuno upande wa pili simama, usimalizie, ujikague. Kifua kiwe kimezunguka kuelekea shabaha na ncha ya fimbo iangalie juu ikiwa imelala kidogo kufuata mgongo wako. Ukikuta kifua bado kinaangalia pale mpira ulipokuwa na uso wa fimbo umeshapinduka unaangalia ardhi, viganja vimefanya kazi ya mwili. Wanafunzi wangu wengi wanachukia zoezi hili kwa sababu mpira hauendi mbali, mi nawaambia wiki hii hatutafuti umbali.

Sasa gripi, yani unavyoshika fimbo, na nimeiacha mpaka hapa makusudi kabisa. Angalia mkono wa kushoto ukiwa umesimama kwenye mpira, ukiona vifundo vitatu kwenda vinne na ile V ya kidole gumba na cha shahada inaelekea nje ya bega la kulia, gripi yako inaufunga uso, irudishe kidogo uone vifundo viwili hadi viwili na nusu. Lakini ukibadilisha gripi peke yake wakati njia bado inaenda kulia, huki zitapungua na pushi zitajaa, utadhani kocha amekudanganya. Watu wanapenda kunitajia Ben Hogan hapa, yule mcheza gofu Mmarekani wa zamani, na ni kweli alisumbuliwa na huki miaka ya mwanzo mpaka alipodhoofisha gripi yake, akaja kuwa bingwa wa meja 9, yale mashindano makubwa kabisa ya gofu, na mwaka 1955 jarida la Life likachapisha ile "siri" yake ya gripi na kiganja cha kushoto. Ila Hogan alikuwa na mwili unaozunguka kupita karibu kila mtu wa zama zake. Ukichukua gripi ya Hogan na nyonga zinazosimama, unapata pushi kila siku.

Kabla hujahukumu swingi hakikisha pia unagonga wapi kwenye uso, hasa kwa draiva. Weka nukta kwa kalamu ya ubao mweupe kwenye mpira wenyewe, upande unaogongwa, piga, alama inabaki kwenye uso. Ikiwa imekaa kwenye ncha, mbali na wewe, sehemu ya ile kukata kushoto inatoka hapo, maana draiva ikigongwa kwenye ncha inazunguka kidogo na mpira unapata mzunguko wa kupinda kushoto hata kama njia yako ni nzuri. Na kwa sisi tunaonunua fimbo mtumba, aironi zenye shingo iliyosimama sana kwa kimo chako zinaangalia kushoto zenyewe. Mkwaruzo ukichimbika zaidi upande wa kisigino cha fimbo, ulio karibu na wewe, mpelekee fundi wa fimbo azipime kabla hujajilaumu.

Jambo la mazingira linawachanganya watu wa Dar wakienda Arusha. Kule juu, mita kama 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali na unapinda kidogo kuliko huku chini, mtu anarudi anasema huki imeisha. Haijaisha. Akija kupiga kwenye viwanja vya hapa Dar, Gymkhana au Lugalo, na upepo wa kusi unamjia usoni ile ile huki inafunguka yote, maana upepo wa mbele unakuza kila kupinda. Kwa hiyo jipime nyumbani, kwenye hewa nzito.

Na ikikutokea katikati ya mashindano usianze kutengeneza swingi kwenye tii, pale unapoanzia shimo. Rudisha draiva kwenye begi kwa muda, chukua fimbo yenye uso uliolala zaidi unaonyanyua mpira, kama hybridi (mchanganyiko wa aironi na fimbo za kupigia mbali) au aironi 5, maana inapinda kidogo, shika chini kidogo kwenye mpini, lenga pale unapotaka mpira uende na sio kulia kwake, halafu wazo liwe moja tu, kifua kizunguke mpaka mwisho, viganja viache. Kazi ya nyonga utaifanya Jumatatu ukutani.