Pundamilia Hafunguliwi Lango Tu: Dhana Potofu kuhusu Safari ya Wanyama ya Disney

Katika kazi yangu ya kuziandalia familia ziara, kazi niliyoiingia baada ya kutunza wanyamapori kwa miaka mingi, Watanzania na Wakenya waishio Marekani huniuliza mara kwa mara kuhusu mabadiliko ya Kilimanjaro Safaris, ile safari ya magari ya wazi katika bustani ya Disney's Animal Kingdom, Florida. Maswali nayapokea kwa furaha. Kinachonichosha ni majibu ambayo waulizaji huja nayo mkononi, yaliyorudiwa mno hadi yakachukuliwa kuwa kweli.

Dhana: "Kuongeza mnyama ni kumleta na kumfungulia lango."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Safari hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na pundamilia walipopewa eneo lao mwaka 2012, wengi walishangaa kwa nini hawakuchanganywa tu na twiga na nyumbu waliokuwapo tayari. Wanaosema hivyo hawamjui pundamilia, ambaye si punda wa kubebeshwa mizigo Lamu. Dume lake huuma, hupiga mateke yanayoweza kuvunja taya, humwandama mnyama dhaifu bila kuchoka, na huweza hata kumuua mtoto asiye wake. Serengeti anayefukuzwa hukimbia mbali na ugomvi ukaishia hapo; katika uwanda wenye mipaka, hata uwe mpana kiasi gani, mwisho wake atabanwa ukutani.

Kwa hiyo mnyama mgeni katika bustani yoyote inayojiheshimu hupitia hatua ambazo haziharakishwi. Kwanza hukaa karantini, akapimwa minyoo na magonjwa. Kisha huachwa awaone na kuwanusa wenzake kupitia uzio, huku mtunzaji akiangalia masikio yamelala vipi, nani anakula na nani ameacha kula. Ndipo hukutanishwa nao kwa muda mfupi, mahali penye njia zaidi ya moja ya kutokea, na daktari akiwa karibu. Juu ya hayo yote hufundishwa kurudi bandani kwa kuitikia sauti maalumu, kwa sababu mnyama asiyerudi bandani hawezi kukaguliwa wala kutibiwa. Mpandaji haoni lolote kati ya haya; hata mitaro na nyua zimefichwa kwa makusudi ili aamini kwamba hakuna kinachomtenganisha simba na swala. Naamini uficho huo ndio ulioizaa dhana hii, nami humsihi kila mteja akumbuke kwamba nyuma ya kila mnyama anayemwona pana banda, mizani na mtu aliyeamka alfajiri.

Dhana: "Hadithi ya majangili iliondolewa kwa sababu ujangili umekwisha."

Ujangili haujaisha, tembo na faru wangali wanauawa. Katika hadithi ile ya awali, iliyoigizwa safarini, gari la wageni liliwafukuza majangili waliomwinda tembo Big Red na mtoto wake Little Red, na mzoga wa bandia wa Big Red uliondolewa mapema kwa kuwa uliwahuzunisha watazamaji. Mwaka 2012 hadithi yote ikafutwa, na sehemu iliyokuwa kambi ya majangili ndiyo waliyopewa pundamilia. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwani dereva alipoanza mbio zile abiria waliacha kuwatazama wanyama hai, wakamsubiri Little Red, aliyekuwa tembo wa mashine.

Dhana: "Simba wale wamechomwa sindano."

Hawajachomwa. Simba hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku popote alipo, na jiwe wanalolalia pale hurekebishwa joto lake ili walipende. Aliyepigwa dawa ya usingizi hainui kichwa wala hafukuzi nzi, na hakuna daktari wa wanyama atakayejasiri hatari ya dawa hiyo kila siku kwa ajili ya picha za wageni. Ukitaka kuwaona wakitembea, panda asubuhi mapema kabla joto la Florida halijawasukuma kivulini, na panda tena jioni.

Dhana: "Mnyama usiyemwona tena amekufa au ameuzwa."

Wapo wanaokufa kwa uzee, lakini wengi huhamishiwa bustani nyingine kwa mpango wa uzalishaji unaoepusha ndugu kuzaliana. Tena wapo waliorudi Afrika. Mwaka 2006 faru weupe wawili, Nandi na Hasani, walitolewa Animal Kingdom wakapelekwa hifadhi ya Ziwa nchini Uganda, nchi ambayo faru wake waliangamizwa na ujangili hadi wakaisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2009 Nandi alizaa dume, faru wa kwanza kuzaliwa Uganda baada ya zaidi ya robo karne, naye akapewa jina la Obama kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani.