Kielekezi hakijui kwamba meno yamehama

Mgonjwa ninayempanga meno kwa waya akisikia neno skurubu, macho humtoka. Ndiyo maana huwa nina moja ya kuonyeshea mezani: kipande cha titani chenye kipenyo cha milimita 1.5 na urefu wa milimita 8. Wengi hucheka wakiiona.

Kazi yake ni nanga. Ukiyavuta meno ya mbele yarudi nyuma kwa kuyafunga kwenye magego, magego nayo yanakuja mbele. Ukiyafunga kwenye skurubu iliyobanwa na mfupa, magego yanabaki yalipo.

Shida ni pa kuiweka. Kwenye taya la juu napenda kati ya gego kubwa la kwanza na jino linalolitangulia. Skurubu ya 1.5 inataka walau milimita moja ya mfupa kila upande, yaani milimita 3.5 kutoka mzizi hadi mzizi, na karibu na shingo ya jino mara nyingi hazitimii. Ukipanda juu nafasi inaongezeka, lakini ukizidi unaiacha fizi ngumu na kuingia kwenye nyama laini inayochezacheza, ambapo skurubu huvimbisha na kulegea.

Zamani tulitegemea eksirei bapa na mazoea ya mkono. Kinachoponza ni pembe: ukipinda nyuzi 5 tu, ncha iliyozama milimita 8 imepotoka milimita 0.7. Ile milimita moja yako ya usalama karibu yote imekwisha.

Siku hizi nachukua eksirei ya 3D inayoonyesha mizizi na mfupa, kisha skana ya mdomoni inayoonyesha meno na fizi. Programu inazilaza picha hizo mbili moja juu ya nyingine, napanga njia ya skurubu, na printa inatoa kielekezi cha resini kinachovaliwa juu ya meno, chenye kitundu cha kupitishia bisibisi.

Kulaza picha ndiko kunakonichukua muda. Breketi za chuma, vile vipande vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya, hutoa michirizi myeupe kwenye eksirei, na programu ikijishikiza hapo imepotea. Naichagulia vilele vya magego yasiyo na chuma, halafu napita kipande kwa kipande nikiangalia kama mstari wa skana umekaa juu ya ukingo wa jino. Usipokaa, naanza upya.

Kisha kuna jambo ambalo wenzetu wanaopandikiza meno bandia hawana haja ya kulihofia sana: meno ya wagonjwa wetu yanatembea, na sisi ndio tunaoyatembeza. Niliwahi kukivisha kielekezi wiki tatu baada ya skana, waya ikiwa kazini muda wote huo. Upande mmoja kilikaa vizuri, upande wa pili kikawa kinachezacheza kidogo tu. Kidole kilitamani kukikandamiza. Nilikivua, nikapiga skana upya. Tangu hapo, kati ya skana na skurubu sibadilishi waya wala sikazi kitu, na kila kielekezi nakitoboa vidirisha juu ya vilele vya meno ili nione kwa macho kama kimegusa.

Ganzi naweka kidogo, ya fizi tu. Utando unaozunguka mzizi ukibaki macho, mgonjwa atashtuka kabla sijaharibu kitu. Kitundu cha kielekezi kinasugua bisibisi na kuufanya mkono uwe kiziwi kiasi, kwa hiyo mizunguko ya mwisho napenda kuimalizia kielekezi kikiwa kimevuliwa, muundo ukiruhusu.

Njia nyingine badala ya kielekezi ni mfumo wa kamera, unaofuatilia bisibisi na kuonyesha njia yake kwenye skrini; huo hauna resini ya kukuziba macho. Ila alama iliyofungwa kwenye meno ili kamera ijue yalipo ikisogea bila wewe kujua, skrini itaendelea kukuonyesha picha nzuri ya uongo. Kabla ya kuanza nagusa jino ninalolijua kwa ncha ya bisibisi, nione kama skrini inakubali kwamba nimeligusa.

Kwenye kaakaa, karibu na mstari wa kati nyuma kidogo ya meno ya mbele, skurubu moja naweza kuiweka bila haya yote. Zikiwa mbili au nne za kushika kifaa cha kutanulia taya kilichotengenezwa mapema, hapo kielekezi ni lazima kwangu: zisipokuwa sambamba, kifaa hakivaliki.