“Anajidekeza tu”: maswali na majibu kuhusu sonona na wasiwasi

Sonona ni nini? Si huzuni tu?

Huzuni hupungua. Umefiwa, unalia, chakula hakipiti, lakini siku zikienda unaanza kula na hata kucheka kidogo. Sonona inakaa. Tunaishuku mtu anapokosa raha karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hata kwa mambo aliyoyapenda, usingizi umevurugika, anachoka bila kazi, anajiona mzigo, na shughuli zake zimeanza kulala. Ni ugonjwa, na unatibika.

Na wasiwasi?

Kila mtu ana wasiwasi siku ya mtihani. Ninaozungumzia hapa ni ule usiozimika: moyo unakwenda mbio umekaa kitandani, viganja vinatoka jasho, pumzi inakuwa fupi, unaamini unakufa. Kishindo hicho hupanda kwa dakika chache kisha hushuka, na kinachobaki ni hofu ya kusubiri kingine. Sonona na wasiwasi mara nyingi huja pamoja.

Nimepimwa kila kitu na majibu ni mazuri. Kwa nini bado naumwa?

Swali hili huja na bahasha ya kaki. Mgonjwa anaifungua mezani: kipimo cha moyo, ultrasaundi ya tumbo, karatasi za malaria, karatasi za taifodi. Ameshameza dozi ya taifodi zaidi ya mara moja na dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi, na kifua bado kinabana. Nikimuuliza mara ya mwisho alilala usiku mzima lini, ananyamaza.

Maumivu hayo si ya kujitungia. Mwili ulio katika hofu muda wote hubana misuli, husukuma moyo na huvuruga tumbo. Ni sawa daktari akuangalie damu na tezi ya shingo kwanza. Akishaangalia, inatosha. Kurudia vipimo vilevile kwenye maabara nyingine ni kulipia jibu ulilo nalo.

Kijana wangu anasema amechoka kuishi. Ndugu wanasema anayesema hafanyi.

Wanakosea. Watu wengi waliojiua walikuwa wamemwambia mtu kwanza, kwa kusema au kwa kudokeza. Akisema leo, apelekwe leo. Msisubiri Jumatatu, wala baba mkubwa afike kutoka safari mkae kikao.

Muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupata ahueni kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyethubutu. Asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za shambani na vidonge vyote vya nyumbani. Na tafadhali, asiambiwe kwamba wapo wenye shida kuliko zake. Hilo analijua, na ndilo linalomfanya ajione hana haki hata ya kuugua.

Lakini huyu husema hivyo kila tukigombana. Si anatafuta kuonewa huruma?

Bado apelekwe. Kina mama huja na binti wa shule, namuuliza binti anajisikiaje, mama anajibu yeye: “Huyu anajidekeza tu, daktari.” Mama, mpe nafasi aongee. Anayefikia kutaja kifo ili asikilizwe ana shida kubwa tayari, hata kama hataki kufa. Kupima kama anamaanisha au la ni kazi yetu, si ya sebuleni.

Tukimpeleka, polisi hawatamkamata?

Hofu hii inachelewesha watu, kwa hiyo nieleze. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na sisi wa afya wengi tunatamani kifungu hicho kifutwe. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Lakini mtu anayesema anawaza kufa hajavunja sheria yoyote. Ni mgonjwa anayeomba msaada.

Tunamfanyia maombi. Haitoshi?

Ombeni, na dawa aendelee nazo. Sina ugomvi na padri wala shehe, na wapo wanaotuletea wagonjwa wao mapema kuliko ndugu. Nisichokivumilia ni mtu ambaye hajala vizuri kwa wiki mbili kufungishwa mfungo, au kufungwa kamba kwa mganga kwamba ana majini, halafu analetwa kwetu akiwa hawezi kusimama.

Mwanasaikolojia anafanya nini zaidi ya kuongea?

Hatoi nasaha za harusini. Mnakutana kwa dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi kila wiki. Mnachambua mawazo yanayojirudia, unapewa kazi ya nyumbani: kuandika siku yako ilivyokwenda, kurudia jambo dogo uliloliacha, kulisogelea taratibu lile unaloliogopa. Unayosema hayatoki humo, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Dawa haandiki, hiyo ni kazi ya daktari.

Anzia zahanati au hospitali ya wilaya, sema wazi kwamba shida ni ya akili na hisia, uombe rufaa. Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Kidongo Chekundu ya Unguja wanatoa huduma hizi.

Dawa hazitanifanya teja?

Fluoksetini, dawa ya sonona na wasiwasi, na dada zake hazileti uraibu wa namna hiyo. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana kazi yake, na siku za mwanzo kichefuchefu ni kawaida. Ukipata nafuu usiache. Kwa kawaida unaendelea angalau miezi 6, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu ukiongozwa na daktari. Yenye uraibu ni diazepamu, ile mnayonunua duka la dawa bila cheti ili mlale. Hiyo hamuiogopi!

Bia mbili za kunipa usingizi je?

Zitakulaza saa chache, kisha utaamka usiku wa manane na wasiwasi mkubwa zaidi. Acha.

Juzi alisema hataki kuishi. Leo ametulia, anacheka, amemgawia mdogo wake simu na nguo. Tusubiri?

Hapana. Utulivu wa ghafla, tena na kugawa vitu, unaweza kumaanisha ameshafanya uamuzi. Nendeni naye leo, hata kama ni usiku. Mapokezi ya dharura hayafungwi. Akikataa, mwiteni yule mmoja anayemsikiliza, rafiki au shangazi, na mtu alale naye chumba kimoja mpaka aonwe na mhudumu wa afya.