Giaboksi ya manyuali inabeba nguvu kiasi gani? Anza na matairi

Wanaoongeza nguvu za injini huniuliza swali moja kuliko yote: giaboksi hii inabeba farasi wangapi? Nami huwauliza: gari limevaa matairi gani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi, kwa sababu meno ya gia hayaoni farasi. Yanaona msokoto, yaani nguvu inayoizungusha shafti, na yanaona umeingia kwa ghafla kiasi gani.

Kilowati au farasi, vipimo vya nguvu ya injini, ni msokoto uliozidishwa kwa kasi ya mzunguko. Injini inayotoa kilowati 300 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika ina msokoto wa Nm 409 hivi pale (Nm, yaani nyutonimita, ni kipimo cha msokoto). Nyingine inayotoa kilowati 300 zilezile kwenye mizunguko 5,000 ina Nm 573. Kwenye matangazo ni injini sawa, lakini giaboksi ya hiyo ya pili inabeba mzigo uliozidi kwa asilimia 40. Ndiyo maana turbo iliyowekwa ivute kwa nguvu kuanzia chini humaliza giaboksi ambayo injini inayopata nguvu zake kwenye mizunguko ya juu ingeishi nayo miaka. Watengenezaji wenyewe hupima hivyo. Volkswagen wana giaboksi za MQ200, MQ250 na MQ350, na namba hizo ni daraja la msokoto kwa Nm. T56 Magnum ya Tremec, ambayo watu wengi huikimbilia, imekadiriwa karibu Nm 950.

Sasa, namba hiyo si ukuta. Hakuna giaboksi inayofika kikomo chake ikapasuka papo hapo kama glasi. Kiwanda hukadiria mzigo ambao meno yatauvumilia kwa maisha marefu ya gari. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, kila jino la gia iliyo kwenye shafti ya kuingizia hubanwa mara 100 kwa sekunde. Mzigo ukizidi kidogo, ufa mdogo huanza kwenye shina la jino, upande unaovutwa, na hukua taratibu bila dereva kusikia chochote.

Nikifungua giaboksi iliyovunjika, kitu cha kwanza ninachotazama ni uso wa jino lenyewe. Sehemu moja ikiwa laini, inang'aa, ina mistari iliyopinda inayofuatana, na iliyobaki ni ya kijivu yenye chembe kubwa, jino hilo lilichoka muda mrefu kabla ya siku lilipokatika. Uso wote ukiwa na chembe kubwa, lilikatwa na pigo moja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na tiba zake ni tofauti. La kwanza linataka gia pana au chuma bora zaidi. La pili mara nyingi linatokana na klachi na mguu wa dereva.

Turudi kwenye matairi, maana hapa ndipo hesabu inapowashangaza watu. Chukua gari la kilo 1,400 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Likiondoka kwa kasi uzito huegemea nyuma, tuseme kilo 840 zikalie magurudumu hayo. Tairi zuri kwenye lami kavu hushika kwa nguvu inayokaribia uzito uliolikalia, na kutoka katikati ya gurudumu hadi chini ni mita 0.32. Ukizidisha, magurudumu hayo mawili yanaweza kupokea takriban Nm 2,640 kabla ya kuanza kuserereka. Gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 3.6, yaani inauzidisha msokoto mara 3.6, na difu (gia za mwisho kabla ya magurudumu) ikiuzidisha tena mara 4.1, hizo Nm 2,640 ni sawa na Nm 179 tu zinazoingia kwenye giaboksi! Injini yako ikiwa na Nm 450, tairi linashindwa kwanza na giaboksi inapona. Gia ya pili, kwa uwiano wa 2.1, kikomo kinapanda hadi Nm 306. Gia ya tatu, kwa 1.4, kinafika Nm 459. Hapo matairi yanashika, na kwa mara ya kwanza injini inaitwika giaboksi msokoto wake wote.

Gari hilohilo lisukume kwa magurudumu manne. Kilo zote 1,400 sasa zinafanya kazi, na kikomo cha gia ya kwanza kinakuwa Nm 298, cha pili Nm 510. Mzigo wote unaingia tangu gia ya pili. Injini ni ileile. Weka matairi laini ya mbio na namba hizo zinapanda tena. Kwa hiyo mtu akiniambia giaboksi fulani ilibeba farasi 600 kwenye gari la rafiki yake, bado sijajua lolote.

Gia ya tatu ina balaa jingine. Katika giaboksi nyingi imekaa sehemu ya kati ya shafti, mbali na beringi. Gia mbili zikibanana husukumana zitengane, shafti zinapinda kidogo sana, na mguso uliopaswa kuenea upana mzima wa jino unahamia ukingoni. Kuongeza ukubwa wa gia bila kuikaza shafti na kasha hakumalizi tatizo hilo. Upana nao una bei yake: ukitaka gia nyingi ndani ya nafasi ileile, kila moja itakuwa nyembamba. Ndiyo sababu wengi wanaoongeza nguvu Mitsubishi Lancer Evolution IX hupendelea giaboksi ya gia tano kuliko ile ya gia sita.

Jihadhari pia na majaribio ya mashine ya kupimia nguvu. Mara nyingi hufanywa gia ya nne, ambayo katika giaboksi nyingi za kukaa kwa urefu wa gari ni moja kwa moja: shafti ya kuingiza hufungwa na ya kutoa, na meno hayabebi mzigo. Gari linaweza kupita kipimo hicho vizuri kabisa, kisha gia ya tatu ikakatika barabarani siku hiyohiyo.

Klachi ndiyo fyuzi ya mfumo huu. Ukiachia klachi ghafla injini ikiwa juu, flaiwili (gurudumu zito la injini) na krenki (shafti kuu ya injini) hutoa nishati yao kwa kufumba na kufumbua, na msokoto wa wakati huo unaweza kuupita kwa mbali ule wa injini. Kinachouzuia ni klachi kuteleza. Injini ya Nm 500 ikifungwa klachi inayoshika Nm 1,000, umeondoa fyuzi ukaweka waya. Mimi hupendekeza klachi inayozidi msokoto wa injini kwa asilimia 20 hadi 30, basi. Tairi likianza kurukaruka wakati wa kuondoka, toa mguu kwenye mafuta mara moja, maana kila mruko ni nyundo kwenye meno.

Oili usiipuuze. Giaboksi ikipoteza asilimia 3 ya kilowati 300, hizo ni kilowati 9 za joto ndani ya lita chache. Weka aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Baadhi ya oili za daraja la GL-5 hula sinkro za shaba, yaani pete zinazolinganisha kasi ya gia wakati wa kubadilisha.

Baada ya kuongeza nguvu, badilisha oili mapema na uangalie sumaku ya boliti ya kumwagia. Ute laini wa kijivu ni kawaida. Ukikuta magamba yanayong'aa, uso wa meno umeanza kubanduka, panga kuifungua. Ukikuta kipande chenye kingo, hata kidogo kama punje ya mchele, gari lisitembee tena mpaka giaboksi ishushwe.