Una ugonjwa wa utumbo na unaenda kuwekewa goti la bandia? Maswali mnayoniuliza sana

Mimi ni nesi wa wodi ya mifupa hapa Kampala, na kwa vile naongea Kiswahili watu wa Bombo na Arua wakifika wananiita mimi. Juzi mama mmoja alikuja na daftari lake la matibabu, lile la shule tunalonunuaga, mbele imeandikwa mambo ya goti tu, nikaligeuza nyuma nakuta amemeza prednisoloni miaka mitatu kwa sababu ya utumbo, na dakitari wa goti hajui kitu. Ndo maana naandika.

Ni ugonjwa gani huo wa utumbo?

Si amiba wala taifodi. Ni ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, yani kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe, unaharisha, damu inatoka, unakonda, inatulia alafu inarudi tena. Wengi wetu tunazunguka sana na Flagyl kabla mtu hajapelekwa kwenye kipimo cha kamera ya kuangalia ndani ya utumbo.

Sasa utumbo na goti vinakutana wapi?

Vinakutana kwenye damu. Kwanza dawa za kutuliza utumbo, hasa steroidi kama prednisoloni, zinashusha kinga na kidonda kinachelewa kufunga. Pili, mtu anayeharisha miezi na miezi anaishiwa damu na protini, sa mshono utashikana na nini? Tatu, ukuta wa utumbo wenye vidonda unaweza kupitisha bakteria wakaingia kwenye damu.

Alafu kuna jambo watu hawalijui: ugonjwa huu wenyewe unaleta maumivu ya viungo, na mara nyingi utumbo ukitulia goti nalo linatulia. Kwa hiyo uliza kabisa, goti limelika kweli au ni utumbo unaongea? Nyonga ni hivohivo, steroidi za muda mrefu zinaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja na hapo ndo mara nyingi nyonga inabidi ibadilishwe.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Kwa watu wote kwa jumla, maambukizi ya kiungo cha bandia yanampata kama mtu 1 au 2 kati ya 100. Mwenye ugonjwa wa utumbo yuko juu ya hapo, zaidi kama utumbo unawaka au anameza steroidi nyingi. Wengi wanapona vizuri, usitishike, ila shida ikitokea ni kubwa maana bakteria wanajibandika kwenye chuma na plastiki, wanajifunika utando wa kunata, dawa haiwafikii vizuri. Mara nyingi lazima wafungue tena waoshe, wakati mwingine wanatoa kiungo chote.

Basi niache dawa zangu kabla ya opereshini?

Usiache mwenyewe! Prednisoloni ukiikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, presha inaweza kuanguka ukiwa kwenye meza ya opereshini. Dakitari anaipunguza polepole, na mara nyingi wanapenda uwe chini ya miligramu 20 kwa siku. Wale wachache wanaopata zile sindano ghali za kutuliza kinga kama infliximab, opereshini inapangwa pale dozi inayofuata inapokaribia, alafu wanarudi kwenye dawa kidonda kikishakauka, kama wiki mbili hivi.

Na kama utumbo umewaka wiki hiyo, unaharisha damu, sema. Goti linaweza kungoja. Tumia huo muda upimwe damu na ule vizuri, mayai, samaki, mukene (dagaa), odi (karanga na simsim zilizosagwa) kama tumbo lako linakubali.

Baada ya opereshini niangalie nini?

Diklofenaki na ibuprofeni, hizi zinaweza kuamsha utumbo, waambie mapema wakupe dawa nyingine ya maumivu. Miguu pia, damu kuganda ni rahisi zaidi kwa wenye ugonjwa huu, kwa hiyo shavu la mguu likivimba au pumzi ikikata usingoje asubuhi. Na ukianza kuharisha sana baada ya antibayotiki usiseme tu ni ule ugonjwa wangu wa siku zote, kuna bakteria anayekuja baada ya antibayotiki na anahitaji matibabu yake.

Goti limekuwa jekundu na mshono unatoa maji, duka la dawa wamenipa amoksisilini. Nimeze?

Hapana, tafadhali. Hili linaniumiza roho kila mara. Ukimeza zile mbili tatu za duka, bakteria wanapungua kidogo na wekundu unaisha, wewe unafurahi, kumbe wamejificha kwenye chuma. Sasa tukija kuvuta maji ya goti kwa sindano tupeleke maabara, bakteria hawaoti, hatujui tunapigana na nani. Panda boda urudi kwa waliokupasua siku hiyohiyo, kabla hujameza chochote, kama umeshameza sema jina la dawa.

Imepita miaka minne, bado niogope?

Usiogope, kumbuka tu. Bakteria wa jipu, jino bovu au mkojo wanaweza kusafiri kwenye damu mpaka kwenye kiungo hata baada ya miaka. Goti lililokuwa zima likianza ghafla kuuma na homa juu, hiyo ni ya hospitali, na mwenye kumeza steroidi homa inaweza hata isionekane, kwa hiyo maumivu peke yake yanatosha kukupeleka.