Vim ni bora, ndiyo. Swali halikuwa hilo

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mtu ninayeiheshimu sana kazi yake: "Nyinyi mnaotengeneza distro, mbona mnatuwekea nano wakati Vim ndiyo bora?" Distro ni mfumo wa Linux uliokwisha pangwa kwa mtumiaji; nano na Vim ni vihariri, programu za kuandikia maandishi ndani ya terminali, yaani skrini ya kuandikia amri. Nimelijibu swali hili kwa kifupi mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa kirefu.

Kazi yangu ni kupanga vifurushi, yaani programu zinazoingia kwenye mfumo kabla haujamfikia mtumiaji. Vim naitumia kutwa nzima, na ubora wake sibishani nao. Ila kihariri cha chaguo-msingi, kinachofunguka usipotaja kingine, hakichaguliwi kwa ajili ya mimi ninayejua ninachokitaka. Mimi naisakinisha Vim kwa amri moja, naandika `export EDITOR=vim` kwenye .bashrc, faili la mipangilio yangu, ili programu nyingine zijue kihariri cha kuita, nimemaliza. Chaguo-msingi ni la yule ambaye hakuchagua, na mara nyingi hakujua hata kwamba anafungua kihariri. Ameandika `git commit`, amri ya Git ya kuhifadhi mabadiliko ya msimbo, akasahau -m inayobeba ujumbe wake. Ameandika `crontab -e` kupanga kazi za kujirudia. Ghafla skrini imebadilika, anabonyeza herufi, nyingine hazionekani, nyingine zinafuta mstari mzima. Anataka mambo mawili tu: aandike alichokuja kuandika, kisha atoke. Mwaka 2017 Stack Overflow walitangaza kuwa swali la namna ya kutoka Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Watu hao si wajinga. Waliingizwa mahali ambapo hawakuomba kuingia.

Sasa linalonikera kuliko yote. Watu wanachanganya maswali mawili: kihariri gani kiwemo, na kihariri gani kiitwe. Distro ya Fedora 33 ilipofanya nano kuwa chaguo-msingi mwaka 2020, nilisoma malalamiko kana kwamba vi, kihariri cha zamani ambacho Vim ilitokana nacho, imefukuzwa. Haikufukuzwa. Ukiandika `vi` inafunguka vilevile; kilichobadilika ni thamani ya EDITOR. Kwenye Debian ya kawaida, distro nyingine, zimo zote mbili, nano na vim-tiny (Vim iliyopunguzwa), na amri `editor` ni kiungo tu ambacho update-alternatives hukielekeza unakotaka. Vi imetajwa katika POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, na hata mashine ndogo inayoishi kwa BusyBox peke yake, programu moja ndogo yenye amri za msingi, kwa kawaida ina vi yake. Huko ndiko kuwemo, na sijaona anayetaka kuiondoa vi.

Kuitwa ni habari nyingine. Git, kwa mfano, hutazama mipangilio yake kwanza, halafu VISUAL, kigezo kingine kama EDITOR, halafu EDITOR yenyewe, na isipokuta kitu huangukia vi, isipokuwa mtengeneza distro ameielekeza kwingine. Aliyeweka mipangilio yake hafiki kamwe kwenye hatua hiyo ya mwisho. Wanaofika ni wale ambao hawajaweka chochote, yaani hao hao wasioijua vi. Ukilielewa hili, hoja ya "ipi ina nguvu zaidi" inakosa pa kusimama.

Vipo vigezo vingine. Ukubwa wa faili la kihariri una maana kwenye kontena, mfumo mdogo unaobeba programu peke yake, kwingine hauna. Leseni ni muhimu: nano yenyewe ilizaliwa 1999 kwa sababu leseni ya Pico, kihariri ambacho nano ilikiiga, ilikuwa na vikwazo. Na Microsoft, ambao Windows yao ya biti 64 haikuwa na kihariri cha terminali, walipotoa Edit mwaka 2025, programu isiyofika kilobaiti 250, walichagua isiyo na modi, yaani ukibonyeza herufi inaandikwa tu, kwa kuwa walijua watu wanavyonasa ndani ya vi.

Lakini nano nayo imeniumiza. Kabla ya toleo la 4.0 la 2019, ilikuwa inakata yenyewe mstari mrefu unaouandika. Niliingia kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mfumo unapowaka, kuongeza neno moja, `nofail`, ili diski ya nakala rudufu isipokuwepo mfumo uendelee kuwaka. Mstari ulianza na UUID ndefu, namba ya utambulisho wa diski, kwa hiyo nilipoandika nofail mwishoni, safu nzima ya `defaults,noatime,nofail` ilirukia mstari wa chini. Sikuona. Nilihifadhi, nikachomoa diski, nikawasha upya seva. Ikasimama kwenye hali ya dharura ikiingoja diski ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Pia tukiita nano tunahamishia maumivu kwa wazoefu. Nimeona jumbe za commit zenye `:wq`, amri ya Vim ya kuhifadhi na kutoka, mwishoni: vidole vilikimbia kabla ya macho. Hilo nalikubali, mzoefu hujirekebisha kwa dakika moja.

Ninalolihofia kweli ni jingine. Mtu anatumia nano miaka mitano bila tatizo, kisha usiku mfumo unakwama, na kwenye mashine kuna BusyBox tu. Tumemlinda siku zote nyepesi tukamwacha peke yake siku nzito. Hili sijalipatia jibu ninaloridhika nalo, na bado nachagua nano.

Kwenye diski ya uokoaji ninayoitunza nimeandika mstari mmoja unaotokea kabla ya kidokezo cha amri: "Kutoka vi: bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter." Kuna mwenzangu ameniomba mara mbili niufute, anasema unatia aibu. Siufuti.